Kisigino cha Bi Mkasi

Mguu wa Bi Mkasi ulikataa kuzeeka, na mpaka uzeeke hakuna aliyekuwa tayari kuupasua.

Kila asubuhi daktari wa mifupa, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na vidole vya baridi, alisimama miguuni pa kitanda na kufunua shuka, akautazama ule mguu uliolazwa juu ya mlima wa mito. Alibana ngozi ya pembeni mwa kisigino, akaiachia, kisha akatikisa kichwa.

"Bado, mama. Imevimba, inang'aa kama bilinganya. Nikiikata hivi, kidonda hakitashikana. Nangoja ngozi ikunjamane kwanza, hapo ndipo nitajua uvimbe umeshuka."

"Kumbe tunachelewa kwa sababu ya makunyanzi?" Bi Mkasi aliuliza. "Mwanangu, makunyanzi ninayo ya kugawa. Chota haya ya shingoni uyabandike huko chini, twende tukamalize."

Wodi nzima ilicheka. Ilikuwa wodi ya wanawake waliovunjika, na humo mtu aliitwa kwa pale alipovunjikia. Jirani yake wa kushoto, mama mnene aliyevunjika nyonga, alikuwa ameshapoteza jina lake la nyumbani akabaki Bi Nyonga. Bi Mkasi peke yake ndiye aliyekataa kuitwa Bi Kisigino. Jina lake alikuja nalo, na hakulipata kwa kukata vitambaa tu. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Kwa mguu huo alimlea mwanawe wa pekee toka kunyonya hadi kuendesha lori, na kwa ulimi wake aliulea mtaa uliobaki. Aliyemwudhi asubuhi, mchana alishakatwa, akapigwa pindo na kutundikwa barabarani watu wamwone.

Ila kila wodi ilipocheka, mtu mmoja hakucheka. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akikamua kitambaa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Huyo alikuwa mkaza mwana wake.

Basi hadithi waliyoijua watu ilikuwa hivi: mkaza mwana alipiga deki baraza, akamwaga sabuni kama anaosha gari, hakukausha. Mama mkwe alipopita aliteleza, kisigino kikapasuka. Maskini Bi Mkasi. Wasichana wa siku hizi, jamani!

Hadithi ya kweli ilikuwa nyuma ya jiko.

Jiko la nyumba ile lilikuwa uani, na juu ukutani, karibu na paa, kulikuwa na matundu ya kutolea moshi. Siku ile Bi Mkasi alikuwa anaanua nguo, akasikia mkaza mwana anazungumza na simu huko ndani, na katikati ya maneno akasikia "mama mkwe wangu". Mtu mwenye akili zake angekohoa akapita. Bi Mkasi alisogeza benchi la kufulia mpaka ukutani, juu ya benchi akaweka kreti tupu la soda, na juu ya kreti akajiweka yeye mwenyewe, mwanamke mwenye mvi na miwani, fundi wa kuheshimika. Akasimama kwa ncha za vidole, sikio tunduni, mkono mmoja ukutani, wa pili umeziba mdomo pumzi isisikike.

"Maana mama mkwe wangu yeye…" sauti ilisema mle ndani, na hapo kreti likavunjika ubavu.

Alianguka wima. Paka naye huanguka wima, lakini paka ana miguu minne ya kugawana hasara. Bi Mkasi alitua kwa kisigino kimoja juu ya saruji, akasikia kitu ndani kikisagika kama ganda la yai. Maumivu yale hayasimuliki. Angepiga kelele, watu wangemkuta hapo hapo, chini ya tundu, kando ya kreti, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja wake kila siku kwamba mwenye sikio refu hafai kukaribishwa ndani. Kwa hiyo alijikaza kisabuni, akajiburuta kwa makalio toka nyuma ya jiko, akapita mchanga wa uani, hadi barazani, ambako sakafu ilikuwa bado imelowa deki. Akajilaza vizuri, akapanga kanga yake. Ndipo akalia.

Majirani waliofika waliona mwanamke, maji na povu, wakajimalizia wenyewe.

"Umeteleza, Bi Mkasi?"

Akafumba macho. "Sabuni…" Neno moja tu. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Sabuni si ilikuwepo?

Uongo mdogo ni kama kifaranga, ukiulisha unakua. Mwanawe aliporudi na lori lake na kuukuta mguu wa mama yake umekuwa bilinganya, hakuuliza mara mbili. Alimgeukia mkewe pale pale wodini, mbele ya wagonjwa na wageni wao.

"Umemvunja mama yangu! Mara ngapi nimekwambia ukaushe sakafu katika nyumba ile? Sasa sikiliza. Mama akishapasuliwa, wewe unakwenda kwenu. Utakaa huko mpaka siku mama atakapotembea kwa miguu yake, ndipo tutazungumza."

Mkaza mwana aligeukia kitandani. Alimtazama Bi Mkasi. Alimtazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni. Na Bi Mkasi akafungua mdomo ule uliowashinda wanaume sokoni, akasema, "Nipatieni maji ya kunywa."

Toka hapo aibu ilimpandia kitandani, ikalala naye. Ilikuja na beseni kila asubuhi. Yule aliyesingiziwa ndiye aliyemwogesha, akimwinua mguu kwa viganja viwili kama anabeba kitoto kichanga. Alimpa chombo cha haja, akageuka kutazama ukutani mpaka amalize, akakichukua bila kukunja pua. Bi Mkasi alitamani akunje. Angekunja hata kidogo, angekuwa na la kumsema. Wodi nayo haikusaidia.

"Bi Mkasi, una moyo wewe," Bi Nyonga alisema mkaza mwana alipotoka kwenda kumwaga maji. "Mtu kakuvunja mguu, na bado unamwachia akuogeshe."

"Ndiyo dunia," Bi Mkasi akajibu, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza masikioni.

Siku ngozi ilipokubali kukunjamana, wodi ilishangilia kama goli limeingia. Daktari alibana, akaachia, akaona mistari midogo midogo kama ya kitambaa kisichopigwa pasi. Alitabasamu. Kisha akatoa picha ya eksirei, akaiinua kuelekea dirishani, na tabasamu likapungua.

"Kesho tunakupasua, mama. Lakini hebu nieleze tena, ulianguka vipi?"

"Niliteleza. Kwenye sabuni."

"Mtu akiteleza, mguu hupinda. Kinachovunjika ni kifundo, au vile vifupa virefu vya kuelekea vidoleni. Wako haukupinda." Kidole chake kilipita juu ya picha. "Mfupa huu umegongwa kwa uzito wa kutoka juu. Umebonyea katikati, ukapasuka pande zote. Hivi ndivyo anavyovunjika mtu aliyedondoka kwenye ngazi, au juu ya paa."

Kitambaa ndani ya beseni kilinyamaza.

"Sikuulizi ili nikuhukumu," daktari akaendelea. "Anayedondokea kisigino, mara nyingine na uti wa mgongo hupata ufa. Na kesho ganzi tunaichoma hapo hapo mgongoni. Mgongo unauma?"

Mgongo ulikuwa unauma toka siku ile. Bi Mkasi alikuwa ameuficha, maana aliogopa kila maumivu mapya yataulizwa yametoka wapi.

"Hauumi," alisema, akajaribu kukaa kuonyesha, na uso wake wote ukakunjamana kumshinda kisigino.

"Mficha uchi hazai, mwenzangu," Bi Nyonga akasema toka kitandani kwake, "na mficha mgongo hapasuliwi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bi Mkasi ilikuwa imefika ukutani. Akamwita daktari ainame, akamnong'oneza. "Nilidondoka kwenye kreti."

"Kreti limefanyaje likakudondosha?"

"Lilikuwa juu ya benchi."

"Kreti juu ya benchi. Na wewe juu ya kreti. Ulikuwa unatafuta nini huko, mama?"

Hapo ndipo mtu mzima angemaliza kazi. Bi Mkasi alitazama pembeni, akaona mikono ya mkaza mwana imelala ndani ya maji, haifanyi kitu.

"Utando wa buibui," alisema. "Nilikuwa nautoa."

Daktari aliridhika. Hakuwa na haja na buibui. Haja yake ilikuwa mgongo. Wakamsukuma Bi Mkasi kwenda kupigwa picha nyingine, ikaonekana uti uko salama, ni nyama tu zimeteguka. Alirudishwa wodini saa ya kuogeshwa. Mkaza mwana alivuta pazia kuzunguka kitanda. Alimfuta mgongo taratibu, pale palipouma, na alipofika kiunoni akasema neno moja.

"Buibui."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Kreti nililiona, mama. Siku ile ile. Na mchangani palikuwa na mburuzo toka nyuma ya jiko mpaka barazani, mpana kama wa kobe. Niliufagia wakati majirani wanakupakia kwenye gari."

Bi Mkasi alihisi damu yote ya mwili imehamia masikioni. "Ulijua? Na ukanyamaza anapokufokea?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake kapanda kreti kunisikiliza? Angesema nimekuvunja mguu, na sasa nakuvunjia heshima. Nikasema ngoja, mwenyewe atasema. Nikangoja." Alikamua kitambaa. "Bado nangoja."

Nje ya pazia Bi Nyonga alikuwa ameacha kukoroma, dalili mbaya.

"Na kama unataka kujua," mkaza mwana akasema, "nilikuwa namwambia mama yangu kwamba mama mkwe wangu yeye hapendi chumvi nyingi, ndiyo maana siku hizi napika bila ladha. Basi. Hayo ndiyo uliyoyavunjikia mguu. Chumvi."

Bi Mkasi, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, alitazama dari mpaka mwisho wa kuogeshwa.

Kesho yake walimchoma ganzi mgongoni, na kuanzia kiunoni kushuka akawa si wake tena. Hakulala. Waliweka kitambaa cha kijani kifuani mwake asione, lakini hakuna kitambaa cha kuziba masikio, na masikio ndiyo yaliyomfikisha hapo. Alisikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Alisikia daktari akimweleza msaidizi wake kwamba anakata kona ubavuni mwa kisigino, chini kisha juu, naye Bi Mkasi akajua mkato huo, ni kama wa kufungua mfuko wa koti. Alisikia wakiinua vipande vya mfupa kimoja kimoja, wakitafutana navyo, "hiki kinakaa hapa, hapana, kigeuze." Kisha keekee ikaanza kulia. Ilitoboa, ikanyamaza, skrubu ikaingia, ikatoboa tena. Bamba la chuma lilikuwa linashikizwa kwenye mfupa wake kama kiraka.

"Mama, uko sawa huko juu?" daktari aliuliza.

"Niko. Ukifika kwenye kushona, usivute uzi sana, pindo litajikunja."

Walicheka nyuma ya vibarakoa vyao. Bi Mkasi alisubiri raha ile aliyoizoea, ya watu kucheka kwa ajili yake. Haikuja. Maisha yake yote alikuwa amewafungua watu mishono wakiwa macho, wanasikia, hawana pa kukimbilia. Aliona uso wa mkaza mwana siku ile ya kufokewa, na akaapa kimoyomoyo kwamba mwanawe akija tu, atamwambia.

Kuapa ukiwa na ganzi ni rahisi.

Mwana alifika saa ya kutazama wagonjwa, amebeba mfuko wa machungwa, amefurahi mama kapona. Daktari alikuwa ameshapita na onyo: mguu usikanyage chini, hata kwa mzaha, mpaka yeye aseme, na hatasema karibuni. Mwana aliweka machungwa, akamshika mama yake mkono, kisha akasema bila kumtazama mkewe, "Nimekushikia nafasi kwenye basi la jioni. Panga vitu vyako."

Bi Mkasi alilamba midomo. "Mwanangu," alimwambia mkaza mwana, "hebu mweleze mumeo lile jambo."

"Jambo gani, mama?"

"Lile… la nyuma ya jiko."

"Nyuma ya jiko mimi sikuwepo," mkaza mwana akasema. "Nilikuwa ndani."

Hapakuwa na maji ya kuomba. Kikombe kilikuwa kimejaa mezani. Basi Bi Mkasi akasema. Alianza kwa sauti ndogo, lakini alipofika kwenye benchi wodi yote ilikuwa imenyamaza kumsikiliza, na ulimi ukanoga wenyewe. Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana hauvunjiki. Akaigiza alivyosimama kwa ncha za vidole. Akaigiza sikio lake tunduni. Alisema, "Nikatua kama paka, ila paka mwenyewe keshazeeka na mguu mmoja hauna taarifa!" Akaigiza alivyojiburuta kwa makalio, kwa mikono, pale pale kitandani, na mguu wake wa bamba uko juu ya mito. Wodi ilikufa kwa kicheko. Bi Nyonga alimsihi anyamaze, "utanivunja nyonga upya, we mwanamke!" huku machozi yakimtoka. Hata nesi aliegemea mlango.

Mwana hakucheka. Uso wake ulipita rangi moja hadi nyingine. Alimtazama mkewe, akatazama machungwa, kama vile machungwa yangemshauri.

"Basi," alisema, "kama ni hivyo… hakuna haja ya kwenda."

Mkaza mwana alikuwa anakunja kitambaa cha kuogea. Alikikunja vizuri, ncha kwa ncha, akakitundika pembeni mwa kitanda.

"Nitakwenda."

"Si mama keshasema?"

"Kasema. Kawaambia hawa, na wamecheka, hata mimi karibu nicheke. Amekwambia na wewe." Alifunga mfuko wake. "Mimi kuna aliyeniambia neno? Yeye hajaniambia. Wewe hujaniambia. Ulisema nikae kwetu mpaka mama atembee. Nakutii, mume wangu."

Kisha akamgeukia nesi. "Vidole vyake viangalieni, dada. Vikipoa au vikibadilika rangi, mwiteni daktari." Akaaga kila kitanda, akaenda zake.

Wodi iliyokuwa inacheka ilipata kazi ya ghafla ya kunyoosha mashuka.

Siku zilizofuata mwana ndiye aliyeshika beseni. Lori lilipewa mtu mwingine. Mikono iliyozoea usukani haikujua kukamua kitambaa. Maji yalimwingia Bi Mkasi masikioni, sabuni machoni. Na kile chombo cha haja! Mwana alikiingiza amefumba macho na kugeuza shingo, akakitoa akitembea haraka kama aliyeiba. Mama na mwana hawakutazamana mpaka mchana. Alipojaribu kumpigia mkewe, simu ililia mpaka ikachoka.

Watu wa wodi walimwomba Bi Mkasi awasimulie tena ile ya kreti. Wageni wa wagonjwa nao walikuja kumnyooshea kidole. Alisema koo linamwuma. Alikuwa amekosa, akatubu kwa watu wote ila aliyemkosea, tena akapigiwa makofi.

Asubuhi moja, baada ya nesi kubadilisha bandeji na kusifu mshono, Bi Mkasi alinyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Hapokei, mama."

"Yako ndiyo hapokei. Nipe yangu."

Ililia. Ililia tena. Kisha sauti. "Ndiyo, mama."

Na hapo hapo, jamani, mzaha ukamjia mdomoni. Ulikuwa mzuri, wa chumvi, umeiva, ungemchekesha hata maiti. Bi Mkasi aliushika kwa meno. Akaumeza, ukapita kooni unakwaruza.

"Nilikusingizia," alisema. "Mwanangu alikufokea mbele ya watu, na ukweli nilikuwa nao mimi. Nikaomba maji. Halafu nikafanya aibu yako kuwa mchezo wa kuwafurahisha watu. Nisamehe." Alivuta pumzi. "Sikupigii ili urudi."

Upande wa pili sufuria iligongwa mahali, mtu akaita mtu.

"Nimesikia, mama," mkaza mwana akasema. Simu ikakatika kwa upole.

Bi Nyonga, ambaye alikuwa ameamka toka "ndiyo, mama", alijiinua kwa kiwiko. "Kakusamehe?"

"Kasema kasikia."

"Sasa hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

"Ni kasikia," Bi Mkasi akasema, na hakuna aliyemwona akifuta macho kwa sababu wote walijifanya kutazama dirishani.

Mwana alitoa simu yake, akaigeuza mkononi. "Na mimi nimpigie nimwambie?"

"Wewe si wa simu. Wewe ulimfokea ana kwa ana. Nenda ukamwambie ana kwa ana, mbele ya wazazi wake, na usipeleke machungwa."

"Leo?"

"Basi lipo leo, halipo?"

Mwana alitazama beseni, kitambaa, kile chombo chini ya kitanda, na mguu wa mama yake uliokatazwa kugusa sakafu. Manesi walikuwa wachache na vitanda vingi. "Na wewe? Nani atakuogesha?"

"Nitanuka," akasema Bi Mkasi. "Nenda."